Mgane Asiyekauka Macho

Kalemie, tarehe 9 Februari 1984

Yaya wangu, dada yangu mkubwa Florentine,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Augustin na wajukuu na ng'ombe wenu wote, hata yule wa pembe moja aliyenikimbiza nilipokuja Pepa mwaka 1979. Sisi huku tu wazima. Mvua inanyesha, na njia ya Lubuye imekuwa mto wa pili. Mwanangu Isidore amepata mtoto wa nne, wa kike, akampa jina lako. Mtoto analia kwa sauti ya kuamrisha, kwa hiyo jina limemkaa.

Mimi mwenyewe siumwi popote. Nina miaka sitini na moja, meno yote isipokuwa manne, na kila asubuhi natembea kutoka Kataki mpaka stesheni kutazama kama vijana walionirithi wanaandika namba za mabehewa sawasawa. Hawaandiki sawasawa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Wakwe zangu wamenikatalia tena.

Unaijua desturi ya ukoo wa marehemu mke wangu Elisabeth. Mume aliyefiwa haoi tena mpaka wamfungue. Anaketishwa mbele ya moto, chungu cha ugali kinatelekwa, na dada mkubwa wa marehemu anakaa kumkabili, anamtazama usoni. Ugali ukiiva bila chozi kuanguka, dada anamnawisha uso na kumwambia nenda, machozi yamekwisha. Likianguka hata moja, wanasema bado anamlilia ndugu yetu, msimharakishe. Basi mbuzi wake analiwa, pombe yake inanywewa, na siku nyingine inapangwa. Mwaka jana langu lilianguka kabla maji hayajapata moto. Jumamosi iliyopita hata chungu kilikuwa hakijakaa vizuri mafigani.

Yaya, sikuwa nalia. Nilikuwa namfikiria mbuzi.

Macho yangu yanatoka maji yenyewe. Upepo wa ziwa ukinipiga, yanachuruzika. Nikipita penye moshi, yanachuruzika. Nikisoma kwa muda, yanachuruzika. Lakini nani ataamini? Kataki nzima inasema, "Ule papa, miaka mbili hii, angali analilia muke wake." Padri amenitaja katika mahubiri. Akina mama wananionyesha kwa waume zao ili wajifunze. Shemeji Émérence, ndiye dada mkubwa wa marehemu, ananiletea sombe ya majani ya muhogo na samaki kila Ijumaa, anaketi, ananitazama ninavyochuruzika, kisha anaondoka ameridhika.

Ninaloandika sasa ni siri. Isome, kisha uichome. Kuna mama mmoja hapa, mjane wa miaka hamsini, anaitwa Adolphine, anaoka mikate nyuma ya soko. Nampenda. Nimetafuta namna ya kuandika hivyo kwa adabu zaidi, sikuipata. Yeye naye ananitaka, lakini ameniambia, "Papa Symphorien, miye siwezi kuingia mu nyumba ya muntu anayelilia mwingine. Wakufungue kwanza." Na kuna Basile, mchuuzi wa Kabalo, mwenye macho makavu kabisa, ambaye kila treni ikiingia anakuja kununua mikate sita asiyoweza kuimaliza.

Mama yetu alikuwa na dawa ya macho. Niandikie ilikuwa nini, upesi.

Swali lile nililokuuliza Elisabeth alipokufa hukunijibu. Haidhuru, yamepita.

Mdogo wako anayekuheshimu,
Symphorien


Pepa, tarehe 2 Aprili 1984

Mdogo wangu Symphorien,

Salamu nyingi. Barua yako imechukua wiki saba. Ilipanda boti mpaka Moba, ikalala Moba kama mtu mwenye ndugu huko, kisha ikapanda milima na kamio, lile lori la chumvi. Mpaka sasa bahasha ukiilamba ina ladha.

Sisi tu wazima. Baridi imeanza. Ng'ombe wamezaa ndama kumi na wawili. Augustin anasalimia, goti lake linamwambia mvua bado ipo. Nimefurahi kwa habari za mtoto. Mwambieni Isidore asimzuie kulia, mapafu ni mali.

Barua nimeisoma mwenyewe, kama ilivyo desturi yangu, lakini lazima nikuambie ukweli: mwandiko wako umeharibika. Zamani uliandika kama mtu aliyefundishwa na wamisionari. Siku hizi herufi zako zinapungua mwaka hata mwaka, na hizi za safari hii ni ndogo kama mayai ya chawa. Karatasi zimeadimika Kalemie? Usibane, ndugu yangu. Andika kwa ukubwa.

Dawa ya mama yalikuwa majani, na majani hayo yalimfanya mjomba aone kila ng'ombe wawili kwa mwezi mzima. Alikuwa anajisifia utajiri. Achana nayo. Ukikalishwa tena motoni, fikiria jambo la kukuudhi, maana mtu aliyekasirika halii. Mfikirie huyo Basile na mikate yake sita.

Katekista wetu Félicien anakusalimia sana. Anasema Adolphine ni jina zuri, na kuoka mikate ni kazi ya heshima.

Kuhusu swali la wakati wa msiba, mimi sikumbuki swali. Hukuuliza kitu.

Dada yako,
Florentine


Kalemie, tarehe 6 Mei 1984

Yaya,

Salamu. Mtoto ameota jino. Isidore mzima. Mimi mzima. Salamu zimekwisha.

Félicien amejuaje jina la Adolphine?

Nauliza kwa heshima, kwa kuwa wewe ni mkubwa wangu. Nilikuambia usome na uchome. Siku nane kabla jibu lako halijafika, alishuka botini mchuuzi wa ng'ombe kutoka huko kwenu. Aliingia soko la Kataki, akauliza kwa sauti ileile anayouzia ng'ombe, "Mikate ya ule mama anayependwa na Papa Symphorien, njo ya wapi?" Yaya, soko zima lilimwonyesha.

Ijumaa iliyofuata shemeji Émérence alikuja bila kapu. Aliketi, akanitazama. Kulikuwa na upepo, nikachuruzika. "Sasa haya njo ya nani?" akaniuliza. "Ya ndugu yangu, ao ya ule wa mikate?" Nikajifuta kwa mkono wa shati. Akaondoka, na tangu siku hiyo nala muhogo mkavu.

Kwa kuwa dawa ya mama umenikataza, nilikwenda hospitali kumwona Urbain, mwuguzi aliyesomea mambo ya macho. Ni kijana mwenye subira. Alinigeuza kope, akanimulika, akanisomesha herufi ukutani, akaniambia, "Papa, hauna ugonjwa. Haya ni macho mazima ya muntu wa miaka makumi sita na moja." Nilimwambia kama haya ni mazima, mabovu yakoje?

Akanieleza. Kumbe chozi si maji matupu. Juu yake kuna mafuta kidogo, yanayotoka katika vitundu vidogo sana ukingoni mwa kope, na mafuta hayo ndiyo yanayozuia maji yasikauke. Mtu akizeeka vitundu vinachoka, mafuta yanapungua, na hata maji ya kulowesha jicho yanapungua. Jicho linabaki kavu. Sasa likiguswa na upepo au moshi linashtuka, linamwaga maji mengi kwa mara moja, maji yasiyokaa. Tena kope la chini limelegea, na kile kitundu cha karibu na pua kinachokunywa machozi hakiyapati tena vizuri, basi yanateremkia shavuni.

"Kwa hiyo yanafurika sababu ni makavu?" nikauliza.

"Njo vile, Papa."

Nimefanya kazi stesheni miaka thelathini na minne. Niliwahi kupokea behewa lililoandikwa saruji ndani yake mna mbuzi. Lakini mafuriko yanayoletwa na ukame sijapata kuyasikia. Amesema nikande kope kwa kitambaa cha maji ya moto kila asubuhi, maji ya moto ya kuvumilika siyo ya kuchuna kuku, nipepese macho mara nyingi nikisoma, na nivae kofia yenye ukingo. Jicho likiwa jekundu, likiuma, au kuona kukipungua ghafla, nirudi siku ileile, maana hayo si uzee.

Nikamwuliza pia habari za mtu mmoja wa Pepa, ambaye barua za ndugu yake zinampungukia herufi. Urbain alicheka mpaka akakaa. Alisema ndani ya jicho mna kama kioo laini, ambacho kikitazama karibu kinanenepa na kikitazama mbali kinajinyoosha. Kuanzia miaka arobaini kinakakamaa kidogo kidogo, mpaka kutazama karibu kunakishinda. Mtu anaanza kusogeza karatasi mbali, na mbali zaidi, mpaka mkono unakwisha. Hakuna anayeponyoka hapo, hata askofu.

Basi nakutumia lineti, yaani miwani ya kusomea, kwa mkono wa mtoto wa jirani yangu Maliki anayekuja Moba. Urbain amezichagua kwa umri wako. Nisamehe, ilibidi niutaje.

Sasa nijibu. Nani anakusomea barua zangu?

Mdogo wako,
Symphorien


Pepa, tarehe 20 Juni 1984

Symphorien,

Salamu. Augustin anasalimia. Baridi ni ya kuvunja meno, na wewe manne yamekwisha kutoka, usije.

Mimi naona. Jana nilisimama mlangoni, nikaona ng'ombe upande wa pili wa bonde, nikamwambia Augustin yule ametoka zizi la jirani na anachechemea mguu wa nyuma wa kushoto. Akaenda kuhakikisha. Alikuwa ndiye, na mguu ndio ule. Mtu kama mimi anataka lineti za nini? Ni kweli kwamba sindano za siku hizi zinatobolewa matundu madogo kwa uvivu wa viwanda. Ni kweli pia kwamba wiki jana nilitia chumvi katika chai ya padri, lakini jikoni mlikuwa na giza. Siku hizi jikoni mwangu mna giza kuliko zamani, sijui kwa nini, dirisha ni lilelile.

Félicien alikuwa anapita tu siku ile. Alikuwa na lineti zake puani. Nilimwomba anishikie karatasi kwa ajili ya upepo. Kama macho yake yaliangukia maneno, je, nimfumbe? Na kama midomo yake ilifuata macho, ni mazoea ya kanisani. Uwanjani walikuwepo watu kumi na wawili kwa sababu ilikuwa saa ya kukamua. Mchuuzi wa ng'ombe alikuwa amekuja kwa shughuli zake.

Lineti nimezipokea, nimeziweka mahali pazuri.

Huyo Urbain wako asidhani kila mzee anafurika. Mimi mwezi uliopita nilikaa msibani kwa jirani macho yakiwa kama yamejaa mchanga, nayasugua, tone halitoki. Na yule marehemu nilimpenda. Wakwe zake walinitazama kama mimi ndiye niliyemroga.

Sasa nisikilize. Mwambie Émérence ukweli. Mwambie ni uzee, ni upepo, basi. Lakini mimi nimekubeba mgongoni, nakujua. Miaka miwili na nusu umekula samaki wa Ijumaa na sifa za padri, na sasa unaona haya kuvirudisha. Njia ya mwongo ni fupi, Symphorien, na yako imefika kwenye chungu.

Dada yako,
Florentine


Kalemie, tarehe 15 Julai 1984

Yaya,

Nakusalimu. Tu wazima. Mtoto anatambaa na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Kiangazi kimekaza, na upepo wa ziwa hauchoki.

Chungu kimepangwa tarehe 11 Agosti, Jumamosi. Nakanda kope kila asubuhi, napepesa macho, nimenunua kofia pana. Kwa kweli nafuu ipo. Nikiwa ndani ya nyumba nakaa saa nzima mkavu. Ila watu wa Kataki sasa wanasema, "Masikini, mpaka anajificha chini ya kofia akilia."

Adolphine amesema hii ndiyo ya mwisho. "Miye si mukate wa kulala mu moto," ameniambia. Basile ameleta wazee wake kutoka Kabalo, na wazee hao wamekula mikate na kuisifu. Tarehe 12 atawajibu. Yaya, nikimkosa huyu mama sitatafuta mwingine. Nitabaki na kofia yangu.

Nilikuwa na mpango. Nilitafuta kuni kavu sana, zisizo na moshi, nikazipeleka kwa shemeji mapema kama zawadi. Alizigeuza mkononi, akanirudishia. Amesema kuni ataleta mwenyewe.

Unanishauri niseme ukweli. Siwezi. Nikisema haya si machozi ya Elisabeth, wataniuliza, na ya Elisabeth yaliisha lini? Hapo ndipo sitaki kufika.

Samaki sikuwaomba. Waliletwa.

Symphorien


Pepa, tarehe 4 Agosti 1984

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu kutoka kwangu na kwa Augustin. Leo nafupisha, maana dereva wa kamio anapiga honi na nataka barua hii ikukute kabla ya chungu.

Barua yako ilifika Félicien akiwa amekwenda mafungo. Nilikaa nayo siku tatu mapajani. Wapo wajukuu wanaojua kusoma, lakini nilikumbuka soko la Kataki. Siku ya nne nikatoa lineti zako mahali pazuri nilipoziweka, yaani chini ya pipa la mahindi, nikazivaa.

Symphorien, herufi zako ni kubwa. Ni kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Nisamehe kwa mayai ya chawa. Félicien amenisomea barua zako miaka tisa, na kila mara nimekuambia nimesoma mwenyewe. Nilijiambia kwamba nikikubali lineti nitakuwa nimekubali uzee. Lakini uzee haukuwa unangojea ruhusa yangu.

Basi nilipoanza, sikuacha. Nilishusha sanduku la bati lenye barua zako zote nikazisoma moja moja pale kizingitini penye mwanga. Nikafika kwenye ile ya Desemba 1981. Chini ya ukurasa wa pili umeandika: "Yaya, tumeishi pamoja miaka thelathini na sita. Nilimlilia siku kumi na moja, halafu machozi yakaniishia, siyapati tena. Je, mimi ni mtu mbaya?"

Sikuwahi kulisikia swali hilo. Félicien amerudi, nimembana. Anasema siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nalia sana, akaona huruma, akaruka mpaka kwenye salamu za mwisho. Umengoja jibu miaka miwili na miezi minane, na mimi nikakuandikia kwamba hukuuliza kitu. Nimeona haya mpaka masikio yameniwaka.

Jibu langu ni hapana. Wewe si mtu mbaya. Ulimtunza akiwa hai, nilikuona kwa macho yangu ya mbali, ambayo hayajawahi kukosea. Kama wakikuuliza yaliisha lini, waambie.

Dada yako anayekupenda,
Florentine


Kalemie, tarehe 20 Agosti 1984

Yaya wangu,

Nakusalimu kwa furaha, wewe na shemeji, na Félicien pia, ingawa ya kwake ni nusu salamu. Tu wazima wote. Mtoto amesimama kwa kushika kiti, akakiamrisha kisogee.

Barua yako ilifika tarehe 15. Kamio ilifanya haraka, boti haikufanya. Chungu kilikuwa kimekwisha siku nne nyuma. Nimeisoma mara tatu. Asante, Yaya. Sikujua kwamba mtu anaweza kubeba swali muda wote huo mpaka nilipoliweka chini na mabega yakapumua.

Sasa sikia ilivyokuwa. Walinikalisha saa mbili asubuhi, mbuzi amefungwa pale, pombe imefunikwa kwa majani ya mgomba, wajomba wa marehemu wamekaa karibu na pombe. Shemeji Émérence alikuja na kuni zake. Zilikuwa mbichi, Yaya, nadhani zilikatwa asubuhi hiyo. Aliketi mbele yangu, akasogeza uso kunitazama. Akarudi nyuma kidogo. Akarudi nyuma tena, na kiti chake, mpaka akagonga ukuta wa jikoni. Ana miaka sitini na minne, mkono wake nao umekuwa mfupi. Kutoka ukutani ndipo aliponiona vizuri.

Moshi ukaja wote upande wangu. Nilimfikiria Basile, nikakasirika sana, na nikiwa katika hasira hiyo tone likashuka shavu la kulia. Mjomba mmoja akawa amekwisha kuinuka kuifunua pombe.

Nikasimama. Sijui nani alinisimamisha. Nikasema, "Wakwe zangu, mungoje. Haya si machozi. Ni macho ya uzee. Yanakauka, halafu moshi unayashtua." Nikawaeleza yote ya Urbain, mafuta, vitundu, kope la chini. Wakanitazama kama ninayehubiri kwa Kigiriki. Halafu mjomba mkubwa akaelewa, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Kumbe miaka mbili hii ulikuwa unatudanganya? Unamudanganya hata marehemu? Na mbuzi wetu?" Nikamkumbusha kwamba mbuzi walikuwa wangu. Hapo kelele zikawa kelele. Adolphine alikuwa nje ya ua na wanawake wengine, niliona kitambaa chake cha kichwa juu ya matete, hakitikisiki.

Shemeji Émérence akainua mkono, wakanyamaza. Akaniuliza kutoka kule ukutani, "Shemeji, uniambie miye kweli. Ya kweli, yale ya Elisabeth, yalikuwa siku ngapi?"

Yaya, ndipo pale nilipokuwa sitaki kufika. Nikamjibu, "Siku kumi na moja."

"Halafu?"

"Halafu yakaisha. Niliyatafuta. Nilikuwa naenda kaburini kuyatafuta. Nampenda bado, lakini hayakuja. Upepo ulipoanza kunitoa maji, nyinyi mukasema ninalia, nikafurahi. Nikaona afadhali kuna mutu anamulilia, hata kama ni macho tu."

Chungu kilikuwa kinachemka. Shemeji alinyanyuka, akaja mpaka motoni, akakaa karibu nami upande uleule wa moshi. Halafu akasema taratibu, ili wajomba wasisikie, ila walisikia, "Miye siku tisa."

Nikamtazama.

"Siku tisa, shemeji. Mutoto wa mama yangu, nilimubeba mu mugongo. Siku ya kumi nikaamuka, macho kavu, nikasikia njaa. Nikaona haya. Njo sababu nilikuwa nakuja kwako Ijumaa. Nilikuwa nakuja kuangalia ya kwako. Nilikuwa nasema, hata kama miye nimeacha, ule angali."

Moshi ulikuwa umemfikia, na macho yake yalikuwa yanachuruzika kama yangu, mpaka kidevuni. Mjomba mkubwa akasema kwa sauti ya huruma, "Muwaache, wanalia." Shemeji akanitazama, mimi nikamtazama, na kicheko kikatutoka wote wawili, Yaya, kicheko cha kushika mbavu. Mjomba alituona tumeharibika akili. Tulicheka mpaka ugali ukashika chini ya chungu, na ule ugali ulioungua ndio waliokula, wala sikusikitika.

Akaninawisha uso kwa mkono wake. Alisema maneno ya desturi, lakini aliyabadilisha kidogo. Badala ya kusema machozi yamekwisha, alisema, "Nenda. Yalitosha." Halafu kwa sauti kubwa akaongeza kwamba kwa kuwa nimemshinda siku mbili, yeye ndiye atakayenipa kuku. Na Ijumaa iliyopita alikuja na kapu. Nimemwandikia jina la Urbain kwenye karatasi, kwa herufi kubwa.

Padri bado hajui. Nitamwambia kabla hajanitaja tena.

Adolphine aliwajibu wazee wa Basile asubuhi ya Jumapili, akawafungia mikate ya njiani. Jioni tulikaa mbele ya tanuri lake. Aliniangalia, nilikuwa nachuruzika kidogo kwa sababu ya joto, akaniuliza, "Sasa Papa, siku miye nikikufa, watu watajuaje kama unalia kweli?" Kwa hiyo tumeelewana kwamba nitakufa mimi kwanza, na yeye ndiye atakayekalishwa kwenye moshi.

Ndoa ni tarehe 6 Oktoba. Njoo mapema ukae siti ya nyuma, utaona vizuri zaidi.

Salamu zangu zote ziingie mlangoni mwako salama,

Mdogo wako,
Symphorien